Maharage yaive kwa mkaa kidogo

Jamani, mnaopika maharage kwa mkaa, yaloweke tangu jioni. Chagua, osha, mwagia maji mengi, acha mpaka asubuhi. Yatakuwa yamevimba na maganda yamelainika. Mwaga maji hayo, weka mengine, bandika.

Yakishachemka ndipo wengi tunapopoteza mkaa. Maji ya kuchemka hayapiti nyuzi 100 hata uchochee vipi. Moto mkali unaongeza mvuke tu, halafu unabaki kuongeza maji kila saa. Yaache yachemke sana dakika 10, kisha funika sufuria na ufunge mlango wa jiko, ubakize upenyo mdogo. Ukisikia kifuniko kinagongagonga taratibu, inatosha. Yakikaribia kuiva mimi huipua sufuria na kifuniko chake, naiviringisha blanketi zito na kuitia kapuni. Yanamalizikia humo bila moto. Kabla ya kula nayachemsha tena.

Mkaa uliobaki ufukie kwa majivu, kesho utauwasha tena. Tafadhali sana, jiko lenye makaa lisilale chumbani na watu, hata kama halitoi moshi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu, na inaua.

Na wenye gari, nanyi mnaweza kuokoa mafuta: pimeni upepo wa matairi kila mwezi, asubuhi kabla ya safari. Kiasi sahihi mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko ukifungua mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo linakula mafuta.