Kusoma vitabu kwenye simu bila kuichukia simu yenyewe

Wengi wanaosema vitabu vya kielektroniki vinachosha ukiwauliza vizuri utakuta wanasoma PDF kwenye simu, na hapo hata mimi ningekata tamaa. PDF imetengenezwa ifanane na karatasi iliyochapwa, ukurasa umeganda, kwahiyo kwenye skrini ndogo unavuta kukuza maandishi, unasogeza kulia, unarudisha kushoto, kila mstari hivyo hivyo mpaka ulichosoma chenyewe hukikumbuki.

Kwahiyo kabla ya yote tafuta EPUB, aina ya faili la kitabu cha kielektroniki. Maneno yake yanajipanga upya kulingana na skrini, ukikuza herufi mistari inajikunja yenyewe. Kama unayo PDF tu jaribu kuibadilisha na Calibre, ni programu ya bure ya kompyuta, ila kama kurasa ni picha zilizoskaniwa usitegemee maajabu, na kitabu chenye majedwali na michoro kibao kiache kama kilivyo ukisomee kwenye skrini kubwa.

Kabla hujaanza sura ya kwanza ingia kwenye mipangilio, kuza herufi, punguza mwanga, usiku weka maandishi meupe kwenye weusi kama macho yako yanapenda hivyo. Alafu zima data. Hili ndio kubwa kuliko yote maana kitabu cha karatasi hakikuletei meseji katikati ya stori, na faili likishaingia kwenye simu halihitaji intaneti.

Msomaji mzito anaweza kufikiria kifaa cha kusomea tu, Kindle au Kobo. Skrini yake ya wino wa kielektroniki inakula chaji hasa pale ukurasa unapobadilika, ndio maana chaji inakaa hata wiki kadhaa, na juani unasoma bila shida. Lakini ni nzito kuitikia, yani ukiwa umezoea simu itakukera. Na ukiingiza EPUB kwenye Kindle kwa waya haifunguki, itume kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon wenye Kindle, itabadilishwa huko huko.

Raha ninayoipenda mimi ni kutafuta. Umefika sura ya ishirini anatokea mtu humkumbuki, unaandika jina lake unaona pote alipotajwa, imeisha hiyo. Ila ile ya kitabu cha karatasi, ya kukumbuka kwamba kitu kilikuwa chini upande wa kushoto karibu na mwanzo, hiyo sahau, jizoeze kuweka alama na kupigia mistari unaposoma.

Sasa kwenye kununua ndio uwe makini, maana mara nyingi unachonunua ni ruhusa ya kusoma na sio kitabu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za kitabu cha George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwishalipa, na 2019 Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu watu walirudishiwa hela lakini vitabu vikapotea. Angalia kama kitabu kinauzwa bila kufuli la kidijitali, lile linalozuia kukinakili, na kikiwa hivyo hifadhi nakala mbali na simu, maana simu inaibiwa. Ukitaka kujaribu bila kutoa hela nenda Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, ilianza 1971, ina vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imeisha Marekani (ukiwa nchi nyingine cheki sheria yenu), pakua EPUB moja fupi uanze nayo.