Gari likitoa kelele ya kugonga upande wa nyuma, usikimbilie kununua shoki (vizuia mtikisiko)

Wenye magari ya miaka mingi hapa Nairobi, kabla ya kushuka Kirinyaga Road kutafuta spea, toa kila kitu kwenye buti: gurudumu la akiba, jeki, spana. Endesha tena bila hivyo. Wakati mwingine kelele huishia hapo.

Ikibaki, sikiliza inatokea lini. Pita kwenye tuta polepole, magurudumu mawili ya nyuma yakipanda pamoja. Kisha tafuta shimo linaloingiza gurudumu moja tu (yako tele). Ikigonga kwenye shimo lakini si kwenye tuta, shuku linki za stebilaiza (chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia) na bushi zake, yaani raba za kwenye maungio, kwa sababu chuma kile hufanya kazi upande mmoja unapopanda kuliko mwingine. Ikigonga kote kote, angalia raba ya juu ya shoki, na kama mwili wa shoki umelowa mafuta. Mlio mmoja mzito wa kugonga unapofunga breki au kurudi nyuma mara nyingi ni bushi za mikono, vile vyuma vinavyounganisha magurudumu na bodi. Shika pia bomba la moshi, likiwa limepoa, ulitikise. Raba zake hukatika.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tafadhali, weka stendi za kushikilia gari.

Na fundi akibadilisha bushi za mikono, mwombe akaze bolti za mwisho gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hujipinda na kuchanika mapema. Shoki nazo, ikibidi kununua, nunua mbili, ya kushoto na ya kulia.