Kuchagua kadi ya michoro itakayodumu: anza na skrini, kisha memori

Kompyuta nyingi za magemu zinazofika mezani kwangu ni nzima kabisa, ila zimezidiwa. Mwenyewe alinunua kadi iliyokuwa na kasi nzuri siku ile, na sasa magemu mapya yanakwamakwama. Nikifungua na kupima, mara nyingi chipu (ubongo wa kadi) bado ina nguvu, lakini memori ya kadi imejaa. Kwa hiyo mwongozo huu unaegemea hapo. Kasi ikipungua una la kufanya: utashusha vivuli, utapunguza ubora wa maji na moshi, maisha yataendelea. Memori ikiisha huna pa kuiongeza, kwa sababu imechomelewa kwenye kadi kiwandani.

Hatua ya 1: Ijue skrini yako

Kazi ya kadi ni kuichorea skrini, basi usiangalie kadi yoyote kabla ya kujua unaichorea skrini gani. Skrini ya 1920 × 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Ya 2560 × 1440 ina milioni 3.7. Ya 3840 × 2160 ina milioni 8.3, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Zote hizo zinachorwa upya kila fremu, yaani kila picha moja inayoonyeshwa. Skrini ya Hz 60, yaani inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, inaipa kadi milisekunde 16.7 kumaliza fremu moja. Ya Hz 144 inaipa milisekunde 6.9 tu.

Chukua karatasi uandike skrini uliyonayo na ile unayotarajia kuwa nayo miaka minne ijayo. Nunua kadi ya hiyo ya pili. Mimi binafsi, kwa mtu anayetaka kukaa na kompyuta muda mrefu, napendekeza 2560 × 1440. Picha yake inapendeza, na haiitesi kadi kama 3840 × 2160.

Hatua ya 2: Hesabu memori

Hapa usiwe na haraka. Kadi ina memori yake, mbali na RAM ya kompyuta. Humo ndimo zinamokaa sura (textures) za kila unachokiona: ngozi ya mhusika, matofali, nyasi, kutu kwenye mlango. Zikizidi nafasi, ziada inahamishiwa kwenye RAM na kuletwa kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta, kila inapohitajika. Tazama RTX 4060, kadi ya kampuni ya Nvidia ya mwaka 2023. Kadi hiyo inasoma memori yake kwa GB 272 kwa sekunde, lakini njia yake ya PCIe inapitisha takriban GB 16 kwa sekunde. Ni kama kuhama kutoka barabara kuu hadi kichochoro.

Dalili zake huwezi kuzikosa ukishazijua. Namba ya fremu kwenye kona inasema 70, lakini ukigeuka kuingia mtaa mwingine picha inaganda kidogo, halafu inaruka. Au unaukaribia ukuta ukauona umepakwa tope; sekunde tatu, nne, ndipo matofali yanajitokeza. Mtu akiniambia "fremu ziko sawa lakini gemu linakwama," jambo la kwanza ninaloliangalia ni memori.

Historia inatufundisha vizuri hapa. GTX 1060, nayo ya Nvidia, ilitoka mwaka 2016 kwa aina mbili, ya GB 3 na ya GB 6, na ile ndogo ilipunguziwa pia viini vya kuchorea. Waliochukua ya GB 6 walicheza nayo miaka mingi baada ya wenzao kukata tamaa. Kisha mwaka 2020 ikaja RTX 3070 yenye GB 8, na mwaka uliofuata RTX 3060 yenye GB 12. RTX 3070 ina kasi kubwa kuliko mwenzake, hilo halina ubishi. Lakini yapo magemu mazito ambayo ukiweka sura za vitu kwenye kiwango cha juu, RTX 3060 inakwenda kwa utulivu ilhali RTX 3070 inakwamakwama.

Kwa kadi mpya unayotaka ikae, kipimo changu ni hiki: GB 12 kwa skrini ya 1080, GB 16 kwa 1440 na kuendelea. GB 8 nampa mtu anayecheza magemu mepesi ya ushindani na hana mpango wa kutoka huko.

Tahadhari: jina moja linaweza kubeba kadi mbili tofauti. RTX 4060 Ti, RTX 5060 Ti na RX 9060 XT (hii ni ya AMD, mshindani wa Nvidia), zote zipo za GB 8 na za GB 16. Soma namba kwenye boksi, usiishie kwenye jina.

Hatua ya 3: Angalia kizazi chake

Kadi yenye nguvu ya kizazi cha zamani inaweza kufungiwa mlango. GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 ina GB 11 na ilikuwa simba wa wakati wake, lakini haina sehemu ya kukokotoa miale ya mwanga (ray tracing), uwezo ulioingia kwenye familia ya RTX 20 mwaka 2018 na RX 6000 mwaka 2020. Magemu kama Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages yanadai uwezo huo, bila huo hayachezeki.

Jambo la pili ni teknolojia za kukuza picha, yaani DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD. Gemu linachorwa kwa pikseli chache, kisha kadi inajazia zilizobaki. Hii ndiyo akiba yako ya uzeeni: kadi ikichoka, unaiwasha. FSR 4, iliyokuja na RX 9000 mwaka 2025, ni nzuri kuliko zilizoitangulia, kwa hiyo usichukulie kila FSR kuwa sawa.

Hatua ya 4: Pima kompyuta yenyewe

Chukua futi upime ndani ya kesi, kutoka ukuta wa nyuma hadi feni za mbele. Nimeshaona kadi nzuri ikikosa nafasi kwa milimita nane, na mwenye nayo akilazimika kuhamisha feni. Pima pia unene, kwani kadi nyingi sasa zinakula nafasi mbili na nusu hadi tatu.

Umeme: tundu la PCIe linatoa wati 75, kebo ya pini 8 wati 150. RTX 4060 inatumia wati 115, RTX 4070 wati 200, RTX 5090 wati 575. Pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) iwe na ziada ya kutosha, kwa maana kadi huvuta kwa kushtukiza. Kwenye ile plagi mpya ya pini 16, sukuma hadi ikae kabisa, usiukunje waya karibu na plagi. Isipoingia sawasawa inapata joto na kuyeyuka.

Kama mazabodi yako (bodi kuu ya kompyuta) ni ya PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, jihadhari na kadi zenye njia chache za PCIe. RX 6500 XT ina njia nne tu, na kwenye mazabodi ya zamani inapoteza kasi waziwazi.

Hatua ya 5: Ukinunua iliyotumika

Usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi nusu saa nzima kwenye gemu zito. Sikiliza feni: mlio wa kukwaruza ni beringi. Angalia vichwa vya skrubu nyuma ya chipu. Vikiwa vimechubuka, kadi imewahi kufunguliwa, uliza kwa nini. Vidoa vya rangi au mistari kwenye picha ni dalili ya memori mbovu. Hapo ondoka, hata kama bei inavutia.

Hatua ya 6: Ukishaifunga

Chomeka kebo ya skrini kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Kosa hili nalikuta mara nyingi kuliko unavyodhani. Ingia kwenye mipangilio uhakikishe skrini inatumia Hz zake zote, kisha punguza kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 85 hivi. Fremu zinazopotea ni chache, joto linashuka, feni zinapumzika.

Halafu siku hiyohiyo fungua gemu zito kuliko yote uliyonayo, weka sura za vitu juu kabisa, cheza saa nzima huku ukitazama namba ya memori. Ikibaki nafasi ya GB 2 au zaidi, umepata. Ikijaa tayari siku ya kwanza, irudishe dukani ungali na risiti.