Anza na gunia la majani makavu, ndoo itafuata

Mara ya kwanza nilipojaribu kutengeneza mboji nilikuwa na ndoo, maganda ya jikoni na hamu tele. Wiki ya pili ndoo ilinuka yai viza, na nilipofunua kifuniko nikakuta funza wametanda juu. Nikafukia vyote. Ndoo haikuwa na kosa: sikuwa nimetia hata konzi moja ya majani makavu.

Kwa hiyo tafuta makavu kwanza. Majani yaliyopukutika, nyasi zilizokauka, maranda ya mbao isiyotiwa dawa, trei za mayai za karatasi, maboksi ya kahawia yaliyochanwachanwa (bandua utepe wa plastiki). Jaza gunia zima, uliweke pasipovuja. Vijidudu vinavyoozesha taka hustawi penye kaboni mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Maganda mabichi yana naitrojeni na maji mengi; kaboni iko kwenye makavu. Mizani ya nini? Mimi hupima kwa kopo: moja la mabichi, mawili au matatu ya makavu.

Ndoo ya lita 20 inatosha, hata kama imepasuka mdomo au imekatika mkono, mradi haikuwahi kubeba rangi wala dawa ya wadudu. Sina drili, kwa hiyo napasha moto msumari mnene, naushika kwa koleo na kuusukuma ndani ya plastiki. Fanyia kazi hiyo nje, ukae upande usiofuatwa na moshi. Toboa pembeni pande zote, tundu moja kila baada ya upana wa kiganja, na mengine kama kumi kwenye kitako. Kisha iketishe juu ya matofali mawili ili hewa ipite na maji ya ziada yatoke.

Tandaza vijiti chini, juu yake makavu, kisha konzi mbili za udongo wa bustani. Udongo huo tayari una vijidudu, kwa hiyo usipoteze hela kununua kichocheo. Mabichi yakatekate: maganda ya matunda na viazi, mabua ya mboga, majani ya chai. Na kila ukimwaga, funika kwa makavu mpaka usione ganda hata moja, inzi wakose pa kutagia. Nyama, samaki, mafuta, maziwa na kinyesi cha mbwa au paka, marufuku. Maganda ya mayai ruksa, ila yaponde kwanza. Yakiingia mazima utayakuta vilevile baada ya miezi.

Kila Jumamosi namwaga vyote juu ya gunia kuukuu, nachanganya, narudisha. Hapo ndipo napima unyevu: nachota konzi na kuikamua. Likidondoka tone moja au mawili, sawa. Maji yakichuruzika, naongeza makavu; ikipukutika kama vumbi, nanyunyizia maji. Harufu ya yai viza ina maana hewa haipiti. Ikikuchoma pua kama mkojo, mabichi yamezidi. Dawa karibu ni ileile: geuza, ongeza makavu.

Usishangae isipotoa mvuke. Lundo la kama mita moja kila upande ndilo hupanda joto la kuua mbegu za magugu. Ndoo hupoa upesi mno. Ndiyo maana magugu yenye mbegu na mimea yenye ugonjwa siitii humo.

Ndoo ikijaa, acha kuongeza, endelea kugeuza, na anza nyingine. Baada ya miezi mitatu hadi sita itakuwa imeshuka nusu au zaidi, nyeusi, inanukia udongo ulionyeshewa. Kama bado unatambua ganda la ndizi, subiri. Mimi huchekecha kwa kipande cha wavu wa zamani. Chenga zinazobaki juu narudisha kwenye ndoo mpya, badala ya zile konzi mbili za udongo.