Somo: Kwenda kuona zafarani mwitu milima ya Tatra, Poland

Wadau, safari yangu ya kwanza Bonde la Chochołowska nilikuta mawingu. Maua yote yamejifunga, yamesimama kwenye nyasi kama chaki za zambarau. Picha nilizorudi nazo ni za chaki.

Hatua ya 1: Fuata jua, siyo kalenda. Ua hili Wapoland huliita "szafran", neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi zafarani. Huchomoza theluji inapoyeyuka, mwishoni mwa Machi au Aprili, na hufunguka kukiwa na jua tu. Wikendi usiende, utadhani uko Kariakoo mkesha wa Idi.

Hatua ya 2: Anzia Siwa Polana, mlangoni mwa bonde, tembea kama kilomita 7 mpaka uwanda wa maua. Mlima si mkali, ila vaa buti. Tope lake si mchezo.

Hatua ya 3: Usitoke njiani. Ukikanyaga majani, kiazi kilichoko chini kinakosa akiba ya mwaka ujao. Mimi nililala kifudifudi pembeni mwa njia: jani jembamba lenye mstari mweupe katikati, stameni (vijiti vya chavua) 3, na nyuki akitoka ndani amejipaka chavua mpaka mgongoni.

Hatua ya 4: Ukishapiga picha, utazame huo uwanda. Wengi hudhani ni pori, kumbe ni malisho. Kondoo ndio waliozuia msitu usiumeze, na samadi yao ndiyo iliyorutubisha udongo. Walipoondolewa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Tatra, ambamo bonde hili limo, miti ikaanza kurudi. Tangu 1981 wachungaji wameruhusiwa tena kulisha baadhi ya viwanja.

MASWALI

— Mkuu, nikichuma zile nyuzi za katikati ya ua si napata zafarani ya pilau?
Hupati. Ya pilau ni ndugu yake wa shambani, huchanua Oktoba na hata mbegu haitoi. Hili la Tatra linalindwa kisheria, usichume hata moja.

— Mbona mimi niliona kama hilo Septemba, porini?
Hesabu stameni, dada. Zikiwa 6 hilo ni kolkikamu, sumu kali. Usiliguse.

— Lushoto litaota?
Kiazi chake kinataka wiki nyingi za baridi kali, na ya Lushoto haifiki huko. Nunua viazi vya zafarani za bustani, uviweke kwenye friji wiki 10 hivi kabla ya kupanda. Na andika kabisa juu ya mfuko, maana shemeji akiviona atavikaanga akidhani ni vitunguu.