Kushoto Tukio, Kulia Dhana

Anayechunguza nyumba inayosemekana kuwa na mizimu na augawe ukurasa wa daftari lake pande mbili: kushoto aandike kilichoonekana, kusikika au kupimwa, pamoja na saa na mahali, kulia aandike anachodhani kimekisababisha. "Saa 8:10 usiku mlango wa jikoni ulijifunga, dirisha likiwa wazi" ni maneno ya kushoto; "mzimu umekasirika" ni ya kulia, hata kama mwili ulimsisimka. (Msisimko wenyewe ni tukio, nao uandikwe kushoto.)

Mhandisi Vic Tandy wa Uingereza, akiwa katika maabara iliyovumishwa kuwa na mzuka, aliona umbo la kijivu pembeni mwa jicho, na siku iliyofuata akaona ubapa wa upanga wa michezo, aliokuwa ameubana kwenye jiliwa, ukitetemeka wenyewe. Badala ya kuhitimisha alichunguza na kukokotoa, akabaini kuwa feni ilikuwa ikitoa mawimbi ya sauti yasiyosikika ya takriban hezi 19 (mitetemo 19 kwa sekunde), na mwaka 1998 akachapisha matokeo hayo. Hata hivyo, kwamba mawimbi hayo ndiyo yaliyomwonyesha lile umbo bado ni dhana, tena inayopingwa, na mahali pake ni kulia.