Kupiga picha konokono wa rangi baharini, Nyali (Mombasa)

Ngojea bamvua maji yakipwa sana, vaa miwani ya kuzamia uende pole pole kwenye miamba ya Nyali, wale konokono wasio na gamba wengine hawafiki urefu wa kidole kwahiyo angalia kando ya sponji, ndo chakula cha wengi wao. Ukimpata usimguse wala usimhamishe jamani! Weka kamera makro (ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu), shuka usawa wake, fokasi kwenye zile pembe mbili za kunusia, nyuma mgongoni utaona matamvua yake ya kupumulia yamechanua kama ua, yaani raha tupu. Tochi lazima, maji hula rangi nyekundu. Mchanga ukitimka subiri utulie, ndo upige tena.